Lori la zamani linapiga stata lakini haliwaki: fuata mafuta kutoka tangini hadi kwenye nozeli

Stata inapiga vizuri, injini inazunguka, lakini haishiki. Unaacha, unasubiri, unapiga tena. Betri inaanza kuchoka, na tayari kuna mtu amesimama pembeni, mikono mfukoni, anakwambia pampu imekufa.

Usimsikilize, angalau si leo. Pampu kubwa ya dizeli, ile ambayo wengine huiita injekta pampu, ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye njia ya mafuta, na ajabu ni kwamba ndiyo hulaumiwa kwanza na kufunguliwa kwanza. Malori mengi ya zamani niliyoyaona yakigoma kwa sababu ya mafuta yalikuwa na tatizo dogo mahali fulani kabla ya pampu hiyo: mpira umepasuka, chujio limeziba, washa ya shaba (kile kipete cha kuziba kiungo) imechoka, upepo umeingia. Pampu yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa inasubiri mafuta ambayo hayajafika.

Mwongozo huu ni wa lori la dizeli la mtindo wa zamani, lenye pampu isiyotegemea kompyuta. Mwenye pikapu au lori la petroli la kabureta, sehemu yako iko karibu na mwisho, lakini usiruke huku mwanzo. Tangi, mipira na machujio huharibika kwa namna ileile, iwe ndani mnapita dizeli au petroli.

Kabla hujashika spana

Lori liwe nje, penye hewa. Weka kabari kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, gia iwe nyutro, maana utakuwa umeinama kwenye injini huku mtu mwingine akipiga stata. Kama kabini ni ya kuinua, hakikisha kizuizi chake kimeingia sawasawa kabla hujapitisha kichwa chini yake. Kizimamoto kiwe karibu, na sigara ibaki mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya mashimoni, kwa hiyo cheche inaweza kuukuta mita kadhaa kutoka ulipomwaga.

Mambo mawili watu huyachukulia kwa wepesi. La kwanza ni kunyonya mafuta kwa mdomo. Dizeli au petroli ikiteleza kuelekea mapafuni, hata kwa kiasi kidogo, inaweza kukulaza hospitali. Tumia pampu ya mkono au mpira wenye balbu ya kufinya. La pili ni mafuta yanayotoka kwenye nozeli, kile kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya silinda. Nozeli za malori ya zamani hufunguka kwa mgandamizo unaozidi baa 100, yaani zaidi ya mara 10 ya upepo wa tairi la lori. Mafuta yanayopulizwa kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Kidonda chake huonekana kama umechomwa sindano, hakiumi sana, na hapo ndipo watu hudanganyika wakaenda kulala. Likikupata hilo, nenda hospitali saa hiyohiyo na useme wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa mgandamizo.

Vifaa si vingi: spana za kawaida, mpira unaopitisha mwanga wa urefu wa mita mbili hivi, dumu safi la lita tano, chupa ya kioo au ya plastiki angavu, klipu za kukaza mipira, washa mpya za shaba, testa ya umeme, na vitambaa visivyotoa nyuzi. Huo mpira angavu usiukose. Ndio jicho lako ndani ya paipu.

Je, kweli ni mafuta?

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Huwaka kwa sababu hewa imebanwa hadi ikapata moto wa kutosha kuwasha mafuta yaliyopulizwa ndani. Ikizunguka polepole, hewa haipati moto, na utalaumu mafuta bure. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imepumzika, na wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Malori mengi yana betri mbili zilizounganishwa kupata volti 24, basi zidisha mara mbili. Kama injini inazunguka kwa kusitasita, shughulikia kwanza betri, vichwa vya betri na waya wa ethi. Na usipige stata mfululizo. Sekunde kumi hadi kumi na tano zinatosha, kisha iache ipoe dakika moja au mbili. Stata iliyoungua itakuongezea tatizo la pili juu ya hili.

Sasa mwambie mwenzako apige stata, nawe usimame unaangalia bomba la moshi. Hiki ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, na ni wachache wanaokitumia. Kama hakuna moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda. Uko mahali sahihi, endelea kusoma. Kama unatoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi inayochoma macho, mafuta yanafika lakini hayawaki. Hapo kaangalie plagi za kupasha moto, mbano wa injini, na majira ya pampu, yaani wakati inapopuliza mafuta, hasa kama kuna mtu aliigusa karibuni. Moshi mweupe hafifu unaokuja na kukatika uko katikati ya hayo mawili: mafuta yanafika kidogo, yamechanganyika na upepo au maji.

Kuna watu ambao injini ikigoma tu hupuliza etha kwenye njia ya hewa. Kwenye dizeli yenye plagi za kupasha moto au hita ya hewa, hilo ni kuchezea mlipuko. Hata kwenye injini isiyo na vitu hivyo, etha huwaka mapema kuliko inavyotakiwa na inaweza kuvunja ringi za pistoni. Mimi siibebi kabisa.

Kizimio: angalia hapa kabla ya kulegeza nati yoyote

Dizeli huzimwa kwa kunyimwa mafuta. Maana yake ni kwamba kifaa cha kuizima kikikwama, kila kitu kingine kinaweza kuwa kizima na injini isiwake. Kwenye malori ya zamani kuna aina mbili.

Aina ya kwanza ni kebo. Kuna kishikio ndani ya kabini unachokivuta ili kuzima. Kebo hizi hushika kutu, na mara nyingi kishikio hurudi ndani wakati mkono ulioko kwenye pampu umebaki palepale. Usiridhike na unachokiona kwenye dashibodi. Nenda kwenye pampu yenyewe, usukume mkono huo kwa kidole hadi mwisho wa upande wa kuwaka, kisha mtu apige stata. Nimewahi kuona lori likivutwa kwa mnyororo hadi gereji kwa ajili ya jambo hili tu.

Aina ya pili ni solenoidi, kifaa cha umeme kilichofungwa kwenye pampu chenye waya mmoja. Ukifungua ufunguo lazima usikie mlio mdogo, "tik". Usiposikia, weka testa kwenye waya ufunguo ukiwa umefunguliwa. Kama umeme haufiki, anza na fyuzi, kisha swichi, kisha waya wenyewe, hasa mahali unapopita kwenye bati. Kama umeme unafika na solenoidi iko kimya, imekufa. Wapo mafundi wanaotoa kile kipande cha ndani ili mafuta yapite muda wote. Lori litawaka, lakini halitazimika kwa ufunguo. Kama umelazimika kufanya hivyo njiani, ujue mapema utalizima vipi.

Tangi na uongo wake

Usiamini geji. Ingiza kijiti kirefu kisafi uone mafuta yamefika wapi. Lori lenye matangi mawili, hakikisha koki imeelekezwa kwenye tangi lenye mafuta, tena geuza koki hiyo mara mbili tatu, maana ndani yake huwa na mpira unaoganda.

Unapofungua kifuniko cha tangi, sikiliza. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo, tundu la kupumulia limeziba, na tangi lilikuwa linajifunga kama chupa unayoinyonya. Lori la namna hiyo huwaka, hutembea kitambo, hufa, na likipumzika huwaka tena. Safisha tundu, au kwa jaribio la siku moja acha kifuniko kimelegea kidogo.

Tangi lina pua ya kunyonyea, bomba linaloshuka hadi karibu na chini. Pua hii ina ugonjwa wa ajabu kidogo. Ikitoboka kwa kutu mahali fulani kwenye urefu wake, lori litakwenda vizuri tangi likiwa nusu, kwa kuwa tundu liko chini ya mafuta. Mafuta yakishuka chini ya tundu, pampu inavuta hewa badala ya dizeli, na unaambiwa mafuta yameisha wakati kijiti kinaonyesha robo tangi. Dereva akisema "likifika robo linagoma", mimi huwa sitafuti kwingine. Kwenye ncha ya pua mara nyingi kuna wavu mdogo, nao huziba kwa kutu, majani, hata kipande cha kitambaa kilichotumika kama kifuniko cha tangi.

Chota mafuta kutoka chini kabisa ya tangi, kupitia boliti ya kumwagia, uyaweke kwenye chupa angavu na kuyaacha yatulie nusu saa. Maji hukaa chini, dizeli juu, na mpaka wake unaonekana wazi. Dizeli iliyofifia kama maziwa ina maji yaliyochanganyika. Ukikuta ute mweusi unaoteleza, hao ni vijidudu wanaoishi kwenye mpaka wa maji na dizeli. Hapo kubadilisha chujio pekee hakutoshi. Tangi lote lisafishwe, la sivyo chujio jipya litaziba vilevile.

Gawa njia katikati

Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima. Badala ya kukagua kila kiungo kimoja kimoja, ikate njia ya mafuta vipande viwili ujue ugonjwa uko upande gani.

Tafuta pampu ndogo ya kuvuta, ile inayotoa mafuta tangini na kuyapeleka kwenye chujio. Kwenye injini nyingi imefungwa ubavuni mwa injini au ubavuni mwa pampu kubwa. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu hiyo. Weka dizeli safi, iliyochujwa, kwenye dumu, ulitundike juu kuliko injini, na ulete mafuta hadi kwenye mdomo wa pampu kwa ule mpira angavu. Funga klipu vizuri. Toa upepo kama nitakavyoeleza, kisha piga stata.

Likiwaka na kuendelea kuunguruma dakika kumi bila kusitasita, umekwisha kuifuta nusu ya kazi: pampu kubwa, nozeli, chujio la pili (lile la baada ya pampu ndogo), vyote vizima. Ugonjwa uko kati ya tangi na mahali ulipochomoa mpira. Lisipowaka, na mpira umejaa mafuta bila mapovu, ugonjwa uko mbele. Jaribio hili huchukua chini ya saa moja. Mtu aliyekuwa tayari kupeleka pampu kwa fundi wa pampu, akalifanya kwanza, mara nyingi huishia kununua mpira wa mita moja.

Upepo, mwizi asiyeacha alama

Dizeli ikichanganyika na hewa, pampu kubwa hubana hewa badala ya kusukuma mafuta. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki. Nozeli haipati nguvu ya kufunguka. Kiputo kidogo tu kinatosha.

Kinachowasumbua watu ni kwamba upande wa kunyonya, kuanzia tangini hadi kwenye pampu ndogo, tundu halivujishi mafuta nje. Linaingiza hewa ndani. Unapitisha kitambaa chini ya lori lote, kikavu kabisa, unasema hapa hakuna shida. Ipo.

Dalili yake kubwa ni ya asubuhi. Jioni lori linazimwa likiwa zima, asubuhi haliwaki hadi upampu kwa ile pampu ya mkono iliyofungwa kwenye njia ya mafuta. Usiku mafuta yalirudi tangini taratibu, na nafasi yake ikajazwa na hewa iliyopita kwenye ufa. Valvu ndogo za pampu ya kuvuta zikiwa zimechoka, hali huwa mbaya zaidi. Fanya jaribio: usiku mmoja liegeshe pua ya lori ikiwa imeinuka kwenye mteremko, usiku mwingine pua ikiwa chini. Kama tangi liko nyuma na lori linagoma pale tu pua ilipokuwa juu, mafuta yanarudi nyuma.

Upepo huingilia wapi? Mipira iliyokauka, hasa kwenye ncha zilizobanwa na klipu. Ikunje kwa mkono; ukiona nyufa nyembamba kama ngozi ya kisigino kikavu, itupe. Viungo vya boliti zenye tundu katikati, ambavyo hukaa kati ya washa mbili za shaba. Kikombe cha kioo kwenye chujio la kutenganisha maji. Boliti ya kumwagia maji chini ya chujio hilo. Kitufe cha pampu ya mkono ambacho mtu alisahau kukikaza baada ya kupampu, hicho nacho ni mlango. Na oringi za chujio, yaani mipira ya duara ya kuziba.

Kuhusu oringi niseme kilichonipata. Tulikuwa na lori moja lililokuwa zima kabisa, nikalibadilishia chujio la kwanza, lile la kutenganisha maji, kwa ustaarabu tu kwa kuwa muda wake ulifika. Kesho yake halikuwaka. Nilitoa upepo, likawaka, likafa. Nikatoa tena. Siku ya pili mwenzangu akanibembeleza, "Kaka, hiyo pampu ifunguliwe, tutakesha hapa." Nikaweka mpira angavu kabla ya pampu ndogo, giza lilikuwa limeingia, nikamulika tochi. Kila stata ilipopigwa, mapovu yalipita kama ya soda. Nikarudi kwenye chujio nililolifunga mwenyewe. Nilipopitisha ukucha kwenye mfereji wa juu, niligundua kwamba ule weusi niliodhani ni chuma ulikuwa oringi ya zamani, bapa, imegandamana na chuma kama imepakwa rangi. Oringi mpya ilikuwa imekaa juu yake. Niliing'oa kwa ncha ya kisu, vipande vipande. Lori likawaka kwa stata ya tatu.

Tangu hapo, lori lililogoma swali langu la kwanza ni nani alilifungua mwisho na alifungua nini.

Kama unajua upepo unaingia lakini hujui wapi, geuza mambo. Lile dumu lililotundikwa juu liunganishe na paipu inayotoka tangini, ncha ya kule tangini uifunge, na uache uzito wa mafuta usukume kuelekea nje. Pale upepo unapoingilia ndipo mafuta yatakapotokea. Futa viungo vyote vikauke, nenda kanywe maji, rudi baada ya robo saa ukiwa na tochi. Kiungo kilicholowa ndicho.

Neno moja kuhusu ukarabati. Tepu nyeupe ya mabomba ya maji isikaribie viungo hivi. Nyuzi zake hukatika na kwenda kuziba mbele. Silikoni ya kawaida nayo haivumilii mafuta, hulainika na kumeguka. Washa za shaba zibadilishwe. Kama huna mpya, pasha moto ile ya zamani hadi iwe nyekundu, iache ipoe, uisugue iwe safi. Shaba iliyopashwa moto hulainika tena na kukubali kubanwa. Tangi linalovuja tone tone unaweza kulisugua sabuni kavu ya kipande ufike nyumbani, ila huo si ukarabati.

Pampu ndogo na lugha ya pampu ya mkono

Pampu ya mkono hukueleza mengi ukiisikiliza kwa kiganja. Kwenye ile ya kitufe cha kuvuta juu na kubonyeza chini, ukivuta juu kikawa kizito halafu kikarudi chini chenyewe kama kinanyonywa, upande wa tangi umeziba. Kikiwa chepesi mno, juu na chini bila upinzani wowote, kinavuta hewa au valvu zake zimekwisha. Kikikataa kushuka, mbele kumeziba, na mara nyingi ni chujio.

Pampu ya kiwambo (utando unaopanda na kushuka ndani yake), yenye kijiti cha kupampia pembeni, ina ujanja wake. Wakati mwingine kijiti kinacheza bure bila kusukuma chochote na mtu anaamini pampu imekufa. Huenda ni kwamba injini ilisimama mahali ambapo nundu ya kamshafti imeisukuma pampu hadi mwisho. Zungusha injini mzunguko mmoja mzima, ujaribu tena. Kiwambo kikitoboka, mafuta huingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: kama kipimo kimepanda na oili imekuwa nyepesi yenye harufu ya dizeli au petroli, usiwashe hadi ubadilishe vyote viwili, pampu na oili.

Kupima nguvu ya pampu ndogo, chomoa mpira unaotoka humo kuelekea chujio, uelekeze kwenye chupa, piga stata. Mafuta yatoke kwa mikupuo yenye nguvu. Yakichuruzika tu, fungua kwanza wavu mdogo wa pampu hiyo, ambao mara nyingi umejificha chini ya kikombe au ndani ya boliti ya kuingilia. Wengi hawajui kama upo.

Kutoa upepo, kwa utaratibu

Futa kwanza uchafu kwenye kila nati utakayolegeza. Jaza chujio jipya dizeli safi kabla ya kulifunga, kama limekaa namna inayoruhusu, ukimimina upande wa mafuta yasiyochujwa. Legeza boliti ya kutolea upepo juu ya chujio, zamu moja au mbili. Pampu kwa mkono. Kwanza utasikia hewa ikifoka, kisha povu, kisha mafuta yenye mapovu, kisha mafuta matupu. Usiache kwenye povu. Endelea hadi yatoke mfululizo, na ukaze boliti wakati bado unapampu, ili hewa isirudi.

Nenda kwenye pampu kubwa. Ina boliti moja au mbili za upepo, fanya vilevile kuanzia ile ya chini. Jihadhari usije ukalegeza boliti zinazofunga pampu kwenye injini, hizo ndizo zinashika majira yake. Hujui ipi ni ipi, fuata paipu ya kuingilia: ya upepo huwa ndogo na iko karibu na juu ya nyumba ya pampu.

Mwisho ni paipu za chuma. Legeza nati ya paipu kwenye kila nozeli, zamu moja tu, zifunike kwa kitambaa, mikono iwe mbali. Weka mguu wa mafuta chini kabisa na piga stata kwa vipindi vifupi. Mafuta yakianza kuruka kwenye nati, kaza moja baada ya nyingine. Injini nyingi huanza kushika zikibaki nati mbili, hutetemeka, hutoa moshi, halafu hutulia. Kaza kitufe cha pampu ya mkono. Usipokikaza, kesho utairudia kazi yote.

Kama umepampu vizuri na mafuta hayafiki kwenye nozeli hata moja, kizimio kimethibitishwa na chujio ni jipya, sasa pampu kubwa imeingia kwenye orodha ya watuhumiwa. Huenda vani zake zimeshika kwa kutu ya maji, au shafti yake imekatika. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye meza ya kupimia. Usiifungue chini ya mti.

Lori la petroli

Hakikisha cheche ipo kwanza. Kisha ondoa nyumba ya kisafisha hewa, injini ikiwa imezimwa, uangalie ndani ya koo la kabureta huku ukivuta mkono wa mafuta. Lazima uone petroli ikiruka kwa mchirizi mwembamba. Ikiruka, bakuli la kabureta lina mafuta na tatizo liko kwingine: jeti (kitundu cha kupitisha petroli) iliyoziba, choki (kilango cha kupunguza hewa), au petroli iliyooza. Petroli iliyokaa miezi mingi hupoteza sehemu yake nyepesi inayowaka kwa urahisi, na hunuka kama vanishi.

Isiporuka, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, ondoa waya wa koili kusiwe na cheche, elekeza mpira kwenye chupa, piga stata. Pampu nzima hutoa takriban nusu lita ndani ya nusu dakika. Ikitoa vizuri na bakuli bado ni kavu, sindano ya boya, ile inayoruhusu petroli kuingia bakulini, imeganda. Gonga ubavu wa kabureta kwa mpini wa bisibisi, si kwa nyundo. Isipotoa, rudi nyuma hadi tangini kama kwenye dizeli. Pampu ikiwa ya umeme, fungua ufunguo usikilize inavyovuma. Ikiwa kimya, anza na fyuzi, relei, na waya wa ethi, ambao hushika kutu chini ya chesisi.

Kama badala ya ukavu unasikia harufu kali na plagi zimelowa, umezamisha injini. Choki iwe wazi, kanyaga mafuta hadi mwisho bila kuyapampu, piga stata ikaushe. Na lori linalogoma pale tu lilipopata joto, halafu likipumzika nusu saa linawaka, angalia kama paipu ya petroli inapita karibu na bomba la moshi. Petroli inachemka ndani ya paipu, na pampu haiwezi kuvuta mvuke.

Likishawaka

Liache liungurume dakika kumi na tano. Futa kila kiungo ulichogusa kikauke, uzime, uvipitie tena kwa kidole, vile vya upande wa pampu ndogo na chujio tu. Vya nozeli viangalie kwa macho. Kata kipande cha mpira angavu na ukiache kabla ya pampu kwa siku moja, ukikilinda kisiguse mahali penye moto. Jioni liegeshe pua juu, bila kupampu chochote. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, fungua boneti au inua kabini uangalie mpira: kama mafuta yamejaa hadi juu, piga stata. Kama kuna kiputo kirefu kama kidole, usipige bado. Chukua tochi, rudi kwenye kiungo ulichokifunga mwisho.